Kreatinini ni nini, na kwa nini jina lake limetoka kwenye nyama?

Swali: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Tanga. Baba yangu ana miaka 61 na ametumia dawa za presha kwa muda mrefu. Juzi alipimwa damu, karatasi ikarudi imeandikwa kreatinini 148. Daktari alisema imepanda, tutarudia kipimo, lakini foleni ilikuwa ndefu na hatukupata nafasi ya kuuliza zaidi. Nyumbani kila mtu ana lake: mmoja anasema kreatinini ni ugonjwa, mwingine anasema ni sumu inayokaa ndani ya figo, na kuna mtu anatuuzia dawa ya mitishamba ya kuishusha. Naomba unieleze neno hili lina maana gani, limetoka wapi, na hiyo 148 inasema nini kuhusu baba.

Jibu: Marahaba mwanangu, na mfikishie baba salamu zangu.

Nianze na kinachowatia hofu. Kreatinini si ugonjwa. Si sumu iliyoingia mwilini kutoka nje, wala si kitu kinachokaa ndani ya figo. Ni taka inayotoka kwenye misuli. Kila binadamu anaitengeneza kila siku, na muda huu unaposoma ipo kwenye damu yako. Madaktari tunaifuatilia kwa sababu njia yake kuu ya kutoka mwilini ni figo. Figo zikipunguza kazi, yenyewe hubaki nyuma kwenye damu na kuongezeka. Ila namba yake haisomeki peke yake, na sababu ya kutosomeka peke yake imo kwenye historia ya jina lenyewe. Kwa hiyo umefanya vizuri kuuliza yote mawili kwa pamoja.

Wagiriki wa kale waliita nyama kreas. Mwaka 1832 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, mtu aliyekwisha kujijengea jina kwa kuchunguza mafuta na sabuni, alikuwa akichambua supu ya nyama ajue ina vitu gani. Ndani ya mchuzi ule alipata fuwele ambazo hazikufanana na kitu chochote kilichokwisha kupewa jina. Akakiita kitu hicho kreatini, kwa mzizi ule wa Kigiriki, yaani kitu cha nyama. Kile kimkia cha mwisho, -ini, wanakemia wa zama zile walikipachika kwenye karibu kila kitu kipya walichokitenga kutoka kwenye mmea au mnyama. Unakikuta kwenye kwinini, kafeini na nikotini.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1847, Mjerumani Justus von Liebig, aliyekuwa akifundisha mjini Giessen, alithibitisha kwamba kreatini imo kwenye nyama ya wanyama wa aina nyingi. Alifanya ulinganisho mmoja ambao mimi huupenda sana: alipima nyama ya mbweha waliouawa wakikimbizwa mawindoni na nyama ya mbweha waliofugwa, akakuta wale wa mawindoni wana kreatini kama mara 10 zaidi. Akahitimisha kwamba kitu hiki kinahusiana na kazi ya misuli. Hitimisho lake lilikuwa na dosari zake, lakini uhusiano wa kreatini na misuli inayofanya kazi alikuwa ameugusa kweli.

Liebig huyohuyo ndiye aliyetupa neno lililo kwenye karatasi ya baba yako. Ukiitibu kreatini kwa asidi, inapoteza maji na kugeuka kitu kingine kilicho ndugu yake wa karibu. Kitu hicho kilihitaji jina, naye akaliongezea jina la mzazi mkia uleule kwa mara ya pili: kreatini ikazaa kreatinini. Ndiyo maana maneno haya mawili hufanana hata wauguzi wakati mwingine huyachanganya. Ile kreatini yenye -ini moja ndiyo inayouzwa kwa unga kwa vijana wanaonyanyua vyuma. Yenye -ini mbili ndiyo taka inayopimwa hospitalini. Kabla ya hapo, mwaka 1844, Max von Pettenkofer na Wilhelm Heintz walikuwa wamekuta kitu kigeni kwenye mkojo wa binadamu, na Liebig akatambua kwamba ndicho hichohicho. Basi hata kabla ya nusu ya karne ya 19 watu walijua kwamba kipo kitu kinachoanzia kwenye nyama ya mwili na kuishia kwenye mkojo.

Tazama kwamba figo hazimo kabisa kwenye jina hilo. Maneno mengine ya kitengo chetu yamezitaja wazi: nefrolojia na nefroni yanatokana na nephros, yaani figo kwa Kigiriki. Kreatinini inaitaja nyama, na nyama yenyewe ni ya mgonjwa, misuli yake.

Sasa tuifuate safari hiyo ndani ya mwili. Kreatini hutengenezwa na mwili wenyewe: hatua ya kwanza hufanyika zaidi kwenye figo, ya pili kwenye ini, kisha damu huisafirisha hadi kwenye misuli. Nyingine tunaipata tukila nyama na samaki. Karibu asilimia 95 ya kreatini yote huhifadhiwa kwenye misuli, na mwanamume wa kilo 70 hubeba gramu zipatazo 120. Kazi yake ni kushika nishati ya kutumika papo hapo, ile ya sekunde chache za mwanzo unaponyanyua gunia au kukimbilia basi linaloondoka, kabla mwili haujapata nafasi ya kuchoma sukari vizuri.

Kila siku, kati ya asilimia 1 na 2 ya akiba hiyo hubadilika yenyewe kuwa kreatinini. Haihitaji kimeng'enya wala amri ya homoni. Molekuli inapoteza maji, inajikunja kuwa pete, basi. Haina kazi tena. Inatoka kwenye msuli, inaingia kwenye damu, na inasubiri kutolewa. Kwa kuwa sehemu inayobadilika kila siku ni ileile, kiasi cha kreatinini ambacho mtu anakitengeneza hufuata ukubwa wa misuli yake. Mswidi aliyehamia Marekani, Otto Folin, aliliona jambo hili mwaka 1905: alipowabadilishia watu chakula kisicho na nyama, wakala protini nyingi au kidogo, vitu vingine kwenye mkojo vilipanda na kushuka, lakini kreatinini ya kila mtu ilibaki karibu palepale.

Utulivu huo ndio ulioifanya kreatinini iwe kipimo kizuri cha figo kuliko mwenzake wa kwenye karatasi, yurea, taka inayotokana na protini. Yurea hupanda mtu akila nyama nyingi, akikaukiwa maji, hata akivuja damu tumboni.

Huko kwenye figo mambo yanakwenda hivi. Kila figo ina nefroni kama milioni moja, na kila nefroni inaanza na kifundo cha mishipa myembamba sana kinachoitwa glomeruli. Humo ndimo damu inamochujwa. Kwa kijana mwenye afya, figo zote mbili huchuja kama mililita 120 kwa dakika, ambazo kwa siku zinakaribia lita 180. Karibu maji yote hayo hurudishwa kwenye damu na mirija inayofuata, zinabaki lita moja au mbili tu ambazo ndizo mkojo. Kreatinini ni molekuli ndogo, haishikamani na protini za damu, hivyo hupita kwenye chujio bila kizuizi, na mirija hairudishi. Tena mirija yenyewe huongeza kidogo: huivuta kreatinini kutoka kwenye damu na kuimwaga kwenye mkojo kwa njia ya pembeni. Hiyo njia ya pembeni uikumbuke, tutaihitaji tukifika kwenye dawa.

Fikiria karakana ya seremala. Ukiingia jioni ukakuta maranda yamejaa sakafuni, huwezi kujua kwa kutazama sakafu tu kama mfagiaji ni mvivu au seremala ameranda mbao nyingi siku hiyo. Na ukikuta sakafu ina maranda machache, pengine mfagiaji ni hodari, pengine seremala hana mbao za kutosha. Kreatinini kwenye damu ndiyo maranda sakafuni. Misuli inaranda, figo zinafagia. Namba ya maabara inahesabu maranda peke yake.

Hesabu yenyewe tunaifanyaje? Mwaka 1886 Max Jaffe, aliyekuwa Königsberg, aligundua kwamba kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki ndani ya alkali hutoa rangi ya machungwa iliyokolea kuelekea nyekundu. Folin, mwaka 1904, akaigeuza rangi hiyo kuwa kipimo: rangi ikikolea, kreatinini ni nyingi. Zaidi ya miaka 100 imepita na maabara nyingi duniani bado zinatumia mbinu hiyohiyo, mashine ndiyo inayosoma rangi badala ya jicho. Ni rahisi na bei yake ni nafuu. Dosari yake ni kwamba si kreatinini peke yake inayotoa rangi ile. Sukari ikiwa juu sana kwenye damu, ketoni za mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa, na baadhi ya dawa za kuua bakteria za jamii ya sefalosporini huweza kuongeza rangi na kuipandisha namba kwa uongo. Ugonjwa wa manjano ukiwa mkali huweza kuishusha. Ipo mbinu mpya inayotumia vimeng'enya, ambayo haidanganyiki kirahisi, ila gharama yake ni kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo ninawasihi wagonjwa warudie kipimo kwenye maabara ileile. Namba mbili kutoka maabara mbili tofauti zinaweza kupishana bila figo kubadilika hata kidogo.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni vizio. Hiyo 148 ni maikromoli kwa lita. Maabara nyingine huandika kwa miligramu kwa desilita, na kwa kizio hicho baba yako angeandikiwa 1.67. Ni kiasi kilekile. Unagawanya maikromoli kwa 88.4. Mtu anaweza kuona mwaka jana aliandikiwa 1.5 na mwaka huu 135 akadhani amekwisha, kumbe hajasogea. Usilinganishe karatasi mbili kabla hujaangalia kizio.

Kwa kawaida maabara huweka mpaka wa juu karibu na 105 au 110 kwa mwanamume, na karibu 80 hadi 90 kwa mwanamke. Mipaka hii hutofautiana kidogo, na mimi naiamini nusu tu. Nitakwambia kwa nini.

Kwanza, kreatinini huchelewa kusema. Uhusiano wake na kazi ya figo ni wa kinyume: kazi ikipungua nusu, kreatinini huongezeka takribani mara mbili. Chukua mtu ambaye kawaida yake ni 55. Akipoteza nusu ya uchujaji wote, atafika kama 110. Kwenye karatasi ya mwanamume hiyo 110 huenda isiwekewe hata alama. Nusu imekwenda na hakuna aliyeshtuka. Halafu mwishoni mwa ugonjwa mambo hugeuka: kupanda kutoka 400 hadi 800 kunatisha sana kwa macho, wakati mililita zilizopotea kwa dakika ni chache, kwa kuwa zilizokuwa zimebaki ni chache. Hasara kubwa hutokea kimya, mapema.

Pili, tunarudi kwenye kreas. Namba ileile ni habari tofauti kwa miili tofauti. Kwa hiyo wataalamu wametafuta njia ya kuibadilisha namba ya damu kuwa makadirio ya uchujaji, yaani mililita ngapi figo zinachuja kwa dakika. Mdenmark Poul Brandt Rehberg alianza mwaka 1926 kwa kujijaribia mwenyewe: alimeza kreatinini na kulinganisha iliyo kwenye damu na iliyotoka kwenye mkojo. Kukusanya mkojo wa saa 24 ni kazi ngumu, wengi husahau chupa nyumbani, na hapo ndipo kanuni za hesabu zilipoingia. Mwaka 1976 Donald Cockcroft na Henry Gault, huko Kanada, walitoa kanuni inayotumia umri, uzito na kreatinini. Wafamasia bado wanaitumia kupanga dozi za dawa. Mwaka 1999 ikaja nyingine kutoka Marekani, mwaka 2009 nyingine tena, na mwaka 2021 ikasahihishwa.

Marekebisho ya 2021 yanatuhusu sisi moja kwa moja, kwa hiyo nivumilie kidogo. Kanuni za 1999 na 2009 zilikuwa na kipengele cha rangi ya mtu: mgonjwa akiwa mweusi, jibu lilizidishwa, likaongezeka kwa takribani asilimia 16 hadi 20. Hoja ilikuwa kwamba Wamarekani weusi waliofanyiwa utafiti walikuwa na kreatinini ya juu zaidi kwa uchujaji uleule. Mashine zikaja Afrika na kanuni hizo ndani yake. Mkulima wa Korogwe akahesabiwa kana kwamba mwili wake, chakula chake na misuli yake ni vya mtu aliyekulia Baltimore, kwa sababu tu wanafanana rangi. Matokeo yake figo zake zilionekana nzima kuliko zilivyo. Mwaka 2021 Wamarekani wenyewe waliondoa kipengele hicho. Na mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliofanyika Malawi, Uganda na Afrika Kusini, ambapo uchujaji ulipimwa moja kwa moja kwa dawa ya kufuatilia badala ya kukadiriwa. Ulionyesha kwamba makadirio yanayotegemea kreatinini huwapa watu wetu figo bora kuliko walizonazo, hata bila kile kipengele cha rangi, na kwamba wagonjwa wa figo huenda ni wengi kuliko tunavyowahesabu. Mahali ambapo lishe ni haba na misuli ni midogo, maranda huwa machache tangu mwanzo. Ukiona karatasi ya maabara bado inatoa majibu mawili, moja la mtu mweusi na jingine la asiye mweusi, mwombe daktari asitumie lile lililoongezwa.

Sasa namba ya baba. Nikitumia kanuni ya 2021 kwa mwanamume wa miaka 61 mwenye kreatinini 148, napata uchujaji wa karibu mililita 46 kwa dakika. Kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye 148 hiyohiyo angepata kama 58. Mama wa miaka 61, kama 35. Na nikueleze kisa kinachonisumbua zaidi kuliko cha baba yako: bibi wa miaka 78, mwembamba, mwenye kreatinini 90. Karatasi itasema yuko sawa au amegusa mpaka tu. Hesabu inasema ana kama 56, na kwa wembamba wake huenda ana chini ya hapo. Huyo ndiye anayepewa sindano za maumivu bila mtu kuwaza figo.

Uchujaji wa chini ya 60 huitwa ugonjwa sugu wa figo iwapo tu umekaa hivyo kwa miezi 3 au zaidi. Kwa hiyo daktari wake alikuwa sahihi kabisa kusema mtarudia. Namba moja ya siku moja haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa wa maisha. Anaweza kuwa alikuwa na homa, alihara, au alifanya kazi juani bila kunywa maji. Lakini kwa mtu mwenye presha ya miaka mingi nisingeipuuza 46 nikasubiri tu miezi ipite. Presha na kisukari ndizo sababu mbili kubwa zinazoharibu vile vifundo vya kuchuja, na zinafanya hivyo bila maumivu yoyote ya kiuno.

Yapo mambo yanayoipandisha kreatinini bila kuziumiza figo. Nyama iliyopikwa ni mojawapo: moto hugeuza sehemu ya kreatini ya nyama kuwa kreatinini sufuriani, tunaila tayari, na kwa saa kadhaa inaonekana kwenye damu. Kama baba alikula nyama choma usiku wa kuamkia kipimo, asile kabla ya kipimo kijacho. Unga wa kreatini wa mazoezini unafanya vivyo hivyo. Halafu kuna dawa zinazoziba ile njia ya pembeni niliyokwambia uikumbuke. Septrini ina kiungo kinachofanya hivyo, na dolutegravi, ambayo watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanaitumia, inafanya hivyo pia. Kreatinini hupanda kidogo ndani ya wiki za mwanzo kisha inatulia, na uchujaji wenyewe haujaguswa. Wapo wanaoacha dawa wakiona hivyo. Ni kosa la hatari. Tenofovi, dawa ya virusi hivyo inayotumiwa pamoja na dolutegravi, ni habari nyingine, yenyewe inaweza kuumiza mirija kweli, kwa hiyo daktari ndiye aamue ni ipi kati ya hizo inayosema.

Na dawa za presha za baba? Kama anatumia enalaprili, losatani au ndugu zao, kreatinini inaweza kupanda mwanzoni hadi asilimia 30, nasi huikubali, kwa kuwa dawa hizo hupunguza mgandamizo ndani ya chujio na kulilinda kwa miaka ijayo. Asizisimamishe kwa sababu ya 148. Cha kusimamisha ni diklofenaki, aibuprofeni na dawa nyingine za maumivu za kundi hilo, zile zinazonunuliwa dukani bila cheti kila magoti yanapouma. Hizo hubana damu inayoingia kwenye figo, na kwa mtu mwenye uchujaji wa 46 na presha sitaki hata kidonge kimoja bila daktari kujua.

Niseme wazi juu ya yule muuza mitishamba. Dawa ya kushusha kreatinini ni jina linalolenga kitu ambacho si tatizo. Kreatinini yenyewe haimdhuru mgonjwa kwa kiasi cha kutajwa. Kinachomuua mtu ambaye figo zimeshindwa ni potasiamu inayosimamisha moyo, asidi, maji yanayojaa kwenye mapafu, na taka nyingine nyingi ambazo hatuzipimi kila siku. Mtu anaweza kuishusha kreatinini kwa kudhoofika tu. Mgonjwa aliyekonda, asiyekula nyama, misuli imekwisha, atakuletea namba nzuri huku figo zikizidi kuzorota, na nimeona familia zikishangilia namba ya namna hiyo. Hata mashine ya kusafisha damu huishusha kreatinini ndani ya saa nne, na hakuna anayesema figo zimepona.

Na mitishamba mingine inaua figo zenyewe. Mjini Brussels, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wapatao 100 waliharibika figo baada ya kupewa vidonge vya kupunguza unene vilivyokuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia. Hawakuwa na ugonjwa wa figo kabla ya hapo. Wengi waliishia kwenye mashine au kupandikizwa figo, na baadaye baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Sijui kilichomo kwenye chupa mnayouziwa, na muuzaji hana karatasi ya kukuonyesha. Msimpe baba.

Mtakaporudi hospitalini, ombeni kipimo kimoja ambacho hakikutajwa kwenye barua yako: albumini kwenye mkojo, ikilinganishwa na kreatinini ya mkojo huohuo. Kreatinini ya damu inaeleza chujio linapitisha kiasi gani. Albumini inaeleza kama chujio limetoboka na kuanza kupitisha protini isiyopaswa kupita. Watu wawili wenye uchujaji wa 46, mmoja ana albumini nyingi kwenye mkojo na mwingine hana, hawana safari moja. Wa kwanza yumo kwenye hatari kubwa zaidi na anahitaji matibabu makali zaidi. Apimwe pia sukari na potasiamu, na afanyiwe ultrasaundi ionekane kama figo zimesinyaa au mkojo umezuiwa njiani, maana kwa mwanamume wa umri wake tezi dume nayo huweza kuziba njia na kuipandisha kreatinini, na hiyo hutibika.

Tafuteni pia karatasi zake za zamani. Mtu aliyetumia dawa za presha kwa muda mrefu lazima alipimwa mahali fulani. Kama miaka mitatu iliyopita alikuwa 140, hiyo 148 ni habari ya polepole sana. Kama mwaka jana alikuwa 90, asisubiri miezi 3, arudi wiki hii. Presha yake ipimwe nyumbani asubuhi na jioni na iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, apunguze chumvi mezani na jikoni, na orodha ya dawa zote anazomeza, za hospitali na za dukani, mwende nayo mkononi.